Usimuulize Anavuta Ngapi



Bagamoyo ni mji uliozoea kupimwa. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalipoanza mwaka 2009, hapa petu palikuwa miongoni mwa vituo, pamoja na Korogwe. Baadaye ikaja R21, nayo ikajaribiwa kwa watoto wa hapa kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2023. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake mjini, na kwa miaka yote hiyo watu wamechomwa vidole, wamepimwa joto, wamehesabiwa vyandarua mpaka chumbani. Mama wa Bagamoyo atakueleza bila kusita tofauti ya kipimo cha haraka na kile cha hadubini.

Sasa mchukue mume wa mama huyo huyo. Anakohoa wiki ya tatu hii. Anakwenda zahanati, anaulizwa kama anavuta sigara, anajibu anavuta. Ngapi kwa siku? Tano, sita hivi. Basi si nyingi, mzee wangu, ziache kabisa. Inaandikwa kwenye daftari, anapewa dawa ya kikohozi, anaaga vizuri. Hajafika barabarani ameshaomba kiberiti.

Hilo swali la "ngapi" ndilo ninalotaka kugombana nalo jioni hii. Ninalituhumu kwamba linadanganya, na kwamba linadanganya zaidi kwetu pwani kuliko huko lilikotungwa. Kitu cha kumpima mvutaji, ikiwa unataka kujua kama ataweza kuacha au atarudia, ni ile hamu yenyewe, ile arosto: inamkaa muda gani kwa siku, na inambana kiasi gani. Inapimika. Kuna watu wameipima.

Nianze na duka. Ukipita nyuma ya jengo la forodha la Wajerumani, lile la mwaka 1895, ukashuka kuelekea soko la samaki, utaona vibanda vimepangana. Karibu kila kimoja kina pakiti ya sigara iliyofunguliwa mdomo, na pembeni kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Anakuja kijana mchukuzi, anaweka sarafu, anachomoa moja, anaiwasha kwa kile cha kamba. Anapiga pafu nne. Anaizima taratibu kwenye nguzo, asiiharibu, anaichomeka nyuma ya sikio na kurudi kubeba ndoo. Mnada ukitulia, kipisi kinashuka sikioni, pafu tatu nyingine. Cha mwisho kinavutwa mpaka kwenye kichungi, tena pengine wawili wamegawana. Huyo ukimuuliza tangu asubuhi amevuta ngapi, atakwambia moja, na hajakudanganya.

Isitoshe, anayevuta chache kwa sababu ya uhaba huivuta kila moja kwa nguvu zaidi. Anavuta ndani, anaishikilia, anaimaliza yote. Hilo limethibitishwa maabara: mvutaji akipunguziwa idadi, mwili unajifidia kwenye kila pafu, na nikotini haipungui kwa kiasi kile kile ilichopungua idadi. Kwa hiyo moja ya kijana wa mnadani si moja ya mtu mwenye pakiti nzima mfukoni anayeziwasha kwa mazoea na kuzisahau kwenye kisahani. Kumpima mvutaji wa pwani kwa idadi ya sigara ni kama kupima njaa kwa kuhesabu sahani. Masikini atatoka na alama nzuri, maana amekula sahani moja tu.

Kipimo kinachojulikana zaidi duniani kwa jambo hili kina jina la Msweden, Karl-Olov Fagerström, mwanasaikolojia. Alitoa dodoso lake la kwanza mwaka 1978. Mwaka 1991 yeye na wenzake, Todd Heatherton akiwa mbele, wakalichonga likabaki maswali 6. Jumla ya alama ni 10, na kadiri unavyopata nyingi ndivyo uraibu wako ulivyo mkubwa. Linauliza: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Ndani ya dakika 5 ni alama 3, na ikipita saa nzima ni sifuri. Je, unapata taabu kujizuia mahali palipokatazwa? Ni sigara gani ungechukia zaidi kuikosa, ya kwanza ya asubuhi au nyingine? Unavuta ngapi kwa siku? Zikiwa 10 au pungufu ni sifuri; zikizidi 30 ni alama 3. Unavuta zaidi asubuhi kuliko saa nyingine? Na la mwisho: unavuta hata ukiwa mgonjwa umelala kitandani?

Ni maswali mazuri. Siyadharau, yamesaidia madaktari wengi kwa miongo mingi. Lakini tuyateremshe ufukweni.

Nilimkuta nahodha mmoja akishona nyavu kivulini, mtu mzima, chombo chake kinavua usiku.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na maikrofoni yako tena?"

Nikamwambia safari hii nimekuja na karatasi. Akacheka, akakubali kuulizwa. Sigara kwa siku? Tano, siku ya neema saba. Sifuri. Akiamka, ya kwanza anaivuta lini? Hapo akanitazama. "Kuamka kupi? Mimi narudi alfajiri, naangalia mnada, nalala saa tatu, naamka adhuhuri. Nikiamka sina kitu mfukoni mpaka nimwone aliyenikopa." Tukakubaliana ni zaidi ya saa moja. Sifuri. Mahali palipokatazwa je? Hana safari za kwenda kukaa mahali palipokatazwa. Sifuri. Ipi angechukia kuikosa? Ile ya usiku, nyavu zikishaingia majini. Si ya asubuhi, kwa hiyo sifuri. Asubuhi anavuta zaidi? La. Sifuri. Na akiugua? "Nikiugua navuta, nimtume mtoto dukani." Alama 1.

Alama moja kati ya 10. Kwa karatasi ile, nahodha hana uraibu wa kutajwa. Ukimwambia aache, ataacha kesho baada ya chai.

Ila mwenyewe anasema amejaribu kuacha tangu mwanawe wa kwanza azaliwe, na mwanawe huyo sasa ana mke.

Sasa niwaeleze kilichopatikana London. Mwaka 2011, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, yaani Jennifer Fidler, Lion Shahab na Robert West, walichapisha kazi iliyoulinganisha mtihani wa Fagerström na kitu chepesi mno. Waliwafuatilia wavutaji wa Uingereza waliojaribu kuacha, wakaangalia ni kipimo gani, kilichochukuliwa kabla, kingebashiri vizuri zaidi nani atarudia. Kile chepesi kikashinda. Chenyewe ni maswali mawili kuhusu saa 24 zilizopita. La kwanza: umeisikia hamu ya kuvuta kwa muda gani? Jibu ni kuanzia sifuri, yaani sikuisikia kabisa, kisha muda kidogo, baadhi ya muda, muda mwingi, karibu muda wote, hadi 5 ambayo ni muda wote. La pili: hamu hiyo kwa kawaida ilikuwa kali kiasi gani? Nayo inapanda vivyo hivyo, hafifu, ya wastani, kali, kali sana, mpaka 5 ambayo ni kali kupita kiasi.

Angalia uzuri wa maswali hayo kwa mtu wetu. Hayaulizi una pesa ngapi. Hayajali umeamka saa ngapi wala kama umelala usiku au mchana. Hayajali sigara ilivutwa kwa awamu ngapi. Na anaulizwa akiwa bado anavuta, kabla hajaanza hata kujaribu. Ukali wa hamu, mtu angali na sigara mkononi, ndio uliotabiri zaidi nani atashindwa.

Nahodha nilimuuliza hayo pia. Muda gani? "Muda mwingi." Tatu. Kali kiasi gani? Akanyamaza, akavuta uzi wa nyavu kwa meno, akasema, "Kali sana." Nne. Halafu akaongeza neno ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: "Tukivuta nyavu siisikii. Tukingoja nyavu, ndiyo inakuja."

Tutalirudia hilo la kungoja. Kwanza niseme kuhusu nia, maana najua barazani sasa hivi kuna mtu anaiambia redio, "Yote hayo ya nini? Kuacha ni nia tu. Akiamua, anaacha." Nimekua nikisikia maneno hayo, na ni maneno ya kuumiza, kwa sababu yanamgeuza aliyeshindwa kuwa mtu dhaifu au mwongo. Mwaka huo huo wa 2011 Eleni Vangeli na wenzake, West akiwemo, walikusanya tafiti zilizofuatilia wavutaji wa kawaida mitaani katika nchi kadhaa, wakauliza mambo mawili kwa kuyatenganisha: nini kinamfanya mtu ajaribu kuacha, na nini kinamfanya afanikiwe. Majibu yakatoka tofauti. Nia na hamasa zilibashiri nani atajaribu. Aliyekwisha kujaribu, kufanikiwa kwake hakukutegemea sana alikuwa na nia kiasi gani. Kulitegemea uraibu wake.

Kwa hiyo mzee wa barazani ana nusu ya ukweli. Nia inakutoa nyumbani. Njiani unakutana na hamu, na hiyo haikuulizi umeapa mbele ya nani.

Na hamu si tabia mbaya ya moyo tu. Ni kitu cha mwilini. Moshi ukivutwa, nikotini inafika ubongoni kwa sekunde zisizozidi 20 hivi. Mwaka 2007, kwenye jarida la Science, Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao walieleza habari ya wavutaji walioumia ubongo, wengi kwa kiharusi. Wale walioumia sehemu iliyojificha ndani inayoitwa insula, baadhi yao waliacha sigara mara moja, bila taabu, bila kurudia na bila kubaki na hamu. Kitu kilichokuwa kikiwasumbua miaka mingi kilizimika. Simtakii mtu kiharusi, lakini habari ile inatosha kumnyamazisha anayesema arosto ni uzushi.

Haya, tuje kwenye kungoja, na hapa pwani tuna shule yetu wenyewe kila mwaka: Ramadhani.

Hesabu ni rahisi. Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya kama saa 2. Funga yetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ni kama saa 13 na kitu, masika na kiangazi bila tofauti kubwa. Aliyevuta ya mwisho baada ya daku, ikifika magharibi amebakiwa na karibu sehemu moja katika mia ya nikotini aliyoanza nayo. Kama hamu ingekuwa ni saa ya nikotini tu, basi ingepanda tangu asubuhi bila kupumzika, na ikifika adhuhuri mtu awe amechanganyikiwa. Lakini wewe umeishi hapa, umeona. Asubuhi mfungaji anakwenda shughuli zake. Adhuhuri anaswali, analala kidogo. Ni baada ya alasiri, na hasa kuanzia saa kumi na moja, ndipo macho yanapoanza kuitafuta saa ya ukutani. Ipo baraza ambapo uji wa pilipili manga umeshamiminwa, tende ziko kwenye sinia, kaimati zimefunikwa kawa, na mzee mmoja ameketi na sigara kavu katikati ya vidole viwili, hajaiwasha, anamsikiliza mwadhini akijaribu kipaza sauti. Mwadhini akichelewa dakika moja, mzee anauliza saa ya msikiti inapigwa na nani.

Ametoka saa 13 bila shida, na dakika 15 za mwisho zinamtoa jasho. Kwa nini?

Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv amelichunguza jambo hili kwa namna inayopendeza. Mwaka 2005 yeye na wenzake walieleza habari ya wavutaji wa Kiyahudi washika dini, ambao siku ya Sabato kuwasha moto kwao ni marufuku. Siku hiyo hamu yao ilikuwa ndogo kuliko siku ya kazi waliyoombwa na watafiti wasivute. Kisha mwaka 2010 wakawapima wahudumu wa ndege. Mhudumu yule yule, safari mbili: fupi ya saa 3 hadi 5 na nusu, na ndefu ya saa 8 hadi 13. Hamu haikupanda kwa kufuata saa alizokaa bila sigara. Ilipanda ndege ilipokaribia kutua. Mwisho wa safari fupi ilikuwa kali kuliko katika saa hiyo hiyo ya safari ndefu, wakati kutua kulikuwa bado mbali.

Maana yake ni kwamba hamu inanusa ruhusa. Palipo na katazo lisilo na mlango inalala, na mlango ukianza kufunguka inaamka. Mzee wa sigara kavu hakuzidiwa na saa 13, alizidiwa na adhana iliyo karibu. Na nahodha, akivuta nyavu, mikono imejaa na sigara haiwezekani. Nyavu zikiwa majini, chombo kimetulia, hakuna kilichomzuia.

Haya yanaharibu hesabu nyingine ambayo watu wetu huifanya baada ya Idi. Mtu anasema: "Nimefunga siku 30, mchana kutwa sivuti wala sihangaiki. Kumbe mimi si mraibu. Nitaacha nikitaka." Siku ya nne ya Shawwal anaacha. Ya sita, kahawa chungu na kashata, bao limepamba moto, mwenzake ametoa pakiti. Basi. Funga yake ilimdanganya kwa sababu kila siku ilikuwa na magharibi yake. Kuacha moja kwa moja hakuna mwadhini, na utulivu wa mchana wa Ramadhani hautabiri utulivu wa mchana wa Shawwal.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni sehemu ya kipimo. Saul Shiffman wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, aliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1990 aliwapa waliokuwa wakiacha sigara vikompyuta vya mkononi vilivyolia na kuwauliza hali zao papo hapo, nyumbani, kazini, baa, popote walipo. Hakusubiri waje kliniki mwisho wa mwezi kukumbuka yaliyopita, maana sote tunajua kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa ilivyo. Mojawapo ya aliyoyapata na kuyachapisha 1997 ni kwamba ukali wa hamu mtu anapoamka asubuhi ulitangulia kuteleza kwa siku ile ile. Ukiamka imekukaba, siku hiyo una hatari.

Hapa mtu hahitaji kikompyuta. Kalenda ya ukutani inatosha, ile tunayopewa na maduka kila Januari, na kalamu. Asubuhi kabla ya lolote unaandika namba, sifuri hadi 5.

Kuna watakaosema kipimo cha kweli ni cha mashine: upulize, isome kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Kinafaa kujua kama mtu amevuta saa chache zilizopita, lakini hakikwambii kesho yake. Tena kwa kinamama na vijana wanaokaanga samaki pale sokoni kwa kuni, wameinamia moshi tangu saa mbili asubuhi, mashine hiyo inaweza kumsingizia mtu ambaye hajagusa sigara maisha yake yote. Moshi wa kuni nao una kaboni monoksaidi. Tuiache hapo.

Nahodha alinipinga, na upinzani wake una uzito. "Sasa mwanangu," alisema, "umeniandikia nne. Ukiniambia nne maana yake nitashindwa, umenisaidia nini? Si bora nisijue?"

Kama namba ile ni ya kumbandika mtu alama ya kushindwa, nahodha ana haki, tuitupe karatasi. Lakini tazama upande wa pili. Watu 100 wakijaribu kuacha kwa mikono mitupu, wanaofika miezi 6 hadi mwaka bila kuvuta ni kama 3 hadi 5, na wengi wa wanaorudia hurudia ndani ya siku 8 za mwanzo. Na dawa zipo. Nikotini ya tiba, kwa plasta ya kubandika ngozini au bigijii ya kutafuna, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Bupropioni na vareniklini ziliongezwa 2021. Mwaka 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Nikotini ya tiba peke yake huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa kama asilimia 50 hadi 60. Dawa hizo hutazikuta kila duka la dawa, na za kumpa kila mtu hazitoshi. Sasa nani apewe kwanza? Kwa swali la "ngapi", nahodha anaondoka na ushauri mtupu na mwenye pakiti nzima anapata plasta. Kwa maswali mawili ya hamu, nahodha yuko mbele ya foleni.

Hata aina ya msaada inaweza kusomwa humo. Plasta inatoa nikotini polepole kutwa, inashusha ile hamu ya chini chini isiyoondoka. Haina nguvu sana kwa ile inayoshtuka ghafla ukiona pakiti ya mwenzako. Hiyo huwa inakuja na kupita katika dakika chache, na ndipo bigijii inapofaa. Kwa maoni yangu, anayejibu "muda wote, lakini ya wastani" na anayejibu "mara chache, lakini kali kupita kiasi" wasitoke zahanati na kifurushi kimoja.

Ipo na hesabu ya mtaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wa Tanzania, kama watu milioni 2.6, wanatumia tumbaku kwa namna moja au nyingine, wanaume wakiwa wengi zaidi. Tunayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na tulijiunga na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku 2007. Mkataba huo, kifungu cha 16, unazitaka nchi zijitahidi kukataza uuzaji wa sigara moja moja. Mimi najali kamba ile ya kiberiti kwa sababu moja: inapunguza bei ya kuteleza. Palipo na pakiti tu, anayetaka kurudia lazima atoe pesa ya pakiti, na pengine akitafuta pesa hiyo zile dakika chache za hamu kali zimeshapita. Kwetu sarafu inatosha, na moto ni wa bure. Kwa hiyo nne ya nahodha wa Bagamoyo, nadhani, ni nzito kuliko nne ya Mwingereza.

Tumbaku yenyewe si mgeni hapa, tusijifanye. Njia ya misafara iliyoishia ufukweni hapa ilipita Tabora, na leo Tabora na Urambo ndiko jani linakolimwa, sigara zinatengenezwa Chang'ombe, na zinatufikia kwa gari kupitia Bunju na Mapinga. Anayedhani litakwisha kwa mabango ya onyo peke yake ana subira kubwa.

Ningependekeza hivi kwa wahudumu wetu wa zahanati, nao ni watu wenye kazi nyingi, kwa hiyo nasema kitu kidogo. Mwezi wa Shaaban, kila mvutaji anayekuja kwa kikohozi, kwa presha, kwa lolote, aulizwe yale mawili: muda gani, kali kiasi gani. Ramadhani ikifika katikati, anayetaka kuacha aulizwe tena mara mbili kwa siku moja, saa nne asubuhi na robo saa kabla ya magharibi, ili aione mwenyewe tofauti na asije akajipa moyo kwa jibu la asubuhi. Dawa, kama ipo, na siku ya kuacha vipangwe kabla ya Idi, maana Idi yenyewe ni siku ya wageni, kahawa na pakiti mezani. Wanaofunga sita za Shawwal wana muda wa ziada wa kuegemea. Kisha kuanzia tarehe 10 Shawwal, kila asubuhi kabla ya kahawa, namba moja kwenye kalenda, na siku itakayokuwa 4 au 5 ajue mapema kwamba leo bao asicheze, au acheze na asiyevuta.

Kwa jirani zetu Wakristo, na misheni ya hapa ni ya tangu 1868 kwa hiyo si wachache, Kwaresima ni kipimo kigumu zaidi na cha kweli zaidi. Anayeacha sigara Kwaresima anaiacha usiku na mchana kwa siku 40, hana magharibi ya kungoja. Huyo aulizwe Jumatano ya Majivu, aulizwe wiki ya tatu, na aulizwe Jumamosi Kuu jioni, ndege yake inapokaribia kutua. Hiyo ya Jumamosi ndiyo iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake, chini ya namba za presha, na muuguzi ampigie simu Jumatatu ya Pasaka.